Turubai la Machungwa

Nyuma ya daftari la vipimo,
baada ya kifua cha Bi Semeni na kiuno cha bibi harusi wa Makorora,
nimeandika: Saadani. Siku tatu. Watu wanne.
Nikapiga mstari chini yake kwa chaki ya kukatia,
maana kalamu Kilua kaiazima, na Kilua harudishi.

Hema la dukani nililiuliza bei.
Muuzaji akaitaja huku akitazama viatu vyangu.
Nikasema ahsante, nikarudi zangu Barabara ya Kumi na Tatu,
nikamfuata Hiza wa lori,
mwenye turubai lililochoka kufunika machungwa ya Muheza.
"Lina matundu saba," akasema.
"Nami nina sindano," nikasema.
Tukapatana: yeye suruali mbili za kazi, mimi paa.

Nimelishona usiku, umeme ukiwapo.
Zipu nimeing'oa kwenye koti la mtumba.
Kamba za mkonge kaleta Chambo, bega zima:
"Mtu wa Tanga anunue kamba? Aibu hiyo."
Vigingi ni nondo za msingi wa kaka,
ambao hajaumaliza tangu mwaka juzi
na sasa itabidi asubiri turudi.
Harufu ya maganda imegoma kutoka.
Ukilala humo unaota unapelekwa sokoni.

Sasa fedha.
Kiingilio tulipe cha raia, kila mtu na kitambulisho chake
(cha Zawena kina picha ya mtu mwingine kabisa,
lakini ni yeye, ndivyo alivyotokea siku hiyo).
Basi hadi Pangani. Kivuko. Ng'ambo, bodaboda mbili, tupatane mapema.
Mchele kilo tano, dagaa, nazi.
Kilua anataka nyama.
Maji, madumu manne.
Vyandarua tumevitoa vitandani, watoto watajibana kwa bibi yao.
Dharura: nimeandika dharura, nikaacha wazi,
kama mfuko usiopigwa pindo.
Mchezo wa kupeana zamu yangu ni mwezi wa saba,
si kabla, hata nikililia.
Nimejumlisha mara tatu na kila mara inazidi.
Nikafuta nyama.

Kisha nikampigia shangazi Mwajabu, Mkwaja,
nilitaka tu kuulizia njia.
Akanisikiliza mpaka mwisho.
"Mnalipa?"
"Kidogo, shangazi."
"Kumwona tembo?"
"Tembo, twiga, na tukijaliwa, simba."
Kimya. Nikasikia kuku wake.
Nikasikia salio langu likipungua.
"Wiki iliyopita wameyala mahindi, wameacha mistari minne,
ya kunidhihaki.
Usiku kumi na moja nimelala juu ya dungu napiga debe.
Mkono huu haupandi hata kujifunga kilemba.
Mimi nimewaona mpaka kope.
Hakuna aliyenikatia tiketi."

Nikasema pole.
Neno lenyewe likaniganda mdomoni kama uzi mbichi.
Akacheka, yule mama, akacheka mpaka kikohozi kikamshika:
"Njooni. Usiku mmoja mlale dunguni kwangu, bure kabisa.
Usiku wa pili mkalipe huko kwenu.
Mtaniambia tembo wa wapi amenona."

Leo nimelifungua tena daftari.
Pale kwenye dharura, palipokuwa wazi,
nimeandika: debe moja, lisilo na kutu.
Betri za tochi.
Dawa ya kuchua, kopo kubwa.
Jumla imezidi, nikakata usiku mmoja wa hifadhini
nikauhamishia shambani.
Kilua bado hajui. Bado ana kalamu yangu na anaulizia nyama.

Bibi harusi amekuja kujaribu gauni.
Kajigeuza mbele ya kioo, kashoto, kakulia,
kiuno kimekaa, mabega yamekaa.
Halafu akanyanyua mkono wa gauni puani
akaniuliza, fundi,
mbona linanukia machungwa.